Wageni wa Bwana Wataketi Wapi?

Masomo: Marko 6:30–44 na Yohana 6:1–13



Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema si la kuandikwa katika gazeti la kanisa, yaani majani ya uwanja wa nyumbani na samaki wa bwawa. Nawasihi msifunge ukurasa upesi. Fungueni kwanza Biblia zenu mahali nilipotaja hapo juu, msome polepole, halafu turudi hapa.

Habari yenyewe mwaijua. Wanaume wapata elfu tano wamemfuata Bwana mahali pasipokaa watu. Jua linakuchwa, na chakula hakuna, isipokuwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa mtoto mmoja. Bwana akavitwaa, akashukuru, akavigawa, wote wakashiba, na mabaki yakajaza vikapu kumi na viwili. Habari hii nimeisikia tangu Shule ya Jumapili, na katika miaka hiyo yote macho yangu yalikuwa kwenye mikate tu. Sikuwahi kuuliza: watu wote wale waliketi juu ya nini?

Waandishi wa Injili wanatujibu. Marko, ambaye kwa kawaida huandika kwa haraka kama mtu anayewahi safari, anasimama kidogo hapa na kututajia hata rangi: majani yalikuwa mabichi. Yohana naye anaeleza kwamba majani yalikuwa mengi, tena kwamba Pasaka ilikuwa karibu. Ukiyaweka maelezo hayo mawili pamoja, wapata majira. Nchi ya Galilaya hupata mvua zake wakati wa baridi, tangu yapata Novemba mpaka Machi au Aprili; baada ya hapo jua hukausha kila kitu. Kwa hiyo siku ile vilima vilikuwa vimetoka katika mvua na kuvaa kijani, wala majani hayajaungua bado. Bwana alikuta zulia limekwisha kutandikwa na Baba yake. Hakuwaketisha wageni wake mavumbini. Aliwapanga kwa safu juu ya majani, ndipo akawapa mkate na samaki.

Majani na samaki. Vitu hivyo viwili viko hapa kwetu Mzinga, na vyote viwili twaviharibu kwa mikono yetu wenyewe. Lakini nikisema "twaharibu", yafaa nianze na nafsi yangu.

Mwalimu asiyejifundisha

Kwa miaka mingi nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Kila mwaka niliwaonyesha wanachuo jaribio moja rahisi, ili nao wakalifanye katika shule zao. Tulitengeneza visanduku viwili vya mbao, tukaviinamisha sawasawa kama mteremko wa mlima. Kimoja tulikijaza udongo mtupu; cha pili udongo uleule, lakini umefunikwa na ukoka ulio hai. Chini ya kila kimoja tuliweka chupa. Kisha mwanachuo mmoja alivimwagia maji ya kipimo kimoja kwa kopo lililotobolewa matundu. Chupa ya kwanza ilijaa upesi maji mekundu, mazito kama chai ya maziwa. Chupa ya pili ilipata maji machache, safi, tena kwa kuchelewa.

Ndipo nilipokuwa nikieleza. Tone la mvua ni nyundo ndogo. Likianguka juu ya udongo mtupu huzivunja chembe zake, na unga ule huziba matundu ya ardhi. Maji yakikosa pa kuingilia hukimbia juu juu na kuuchukua udongo. Lakini majani hulipokea tone kabla halijafika chini, na mizizi huushika udongo kama vidole vya mama vishikavyo mtoto sokoni. Wanachuo waliandika. Nami niliwatungia mtihani, nikawasahihisha kwa wino mwekundu.

Nilipostaafu nilijenga nyumba yangu hapa Mzinga, mahali penye mteremko. Na je, uwanja wangu ulikuwaje? Ulikuwa mtupu kama kisanduku cha kwanza.

Mwaijua desturi yetu. Tangu utoto tumefundishwa kwamba uwanja mweupe ndio heshima ya nyumba. Mama huamka alfajiri, huinama na mfagio wa chelewa, na jua likichomoza uwanja umepigwa mistari kama daftari. Jani likichomoza hung'olewa, kwa maana majani ni nyoka, majani ni mbu, majani ni uvivu. Nami niliona fahari. Kila Jumamosi niliparua kwa jembe kila kilichoota, na wapita njia walisema, "Mwalimu ni mtu msafi."

Basi ikaja masika moja, usiku mmoja wa mwezi wa Aprili. Mvua ilianza saa tatu, haikunyamaza mpaka karibu na alfajiri. Kulipopambazuka niliona uwanja wangu umechanjwa mfereji unaofika magotini. Kabla sijamaliza kushangaa, jirani yangu wa chini akapanda mpaka mlangoni kwangu. Ni mama mjane, mkubwa kwangu kwa umri, naye ni Mwislamu. Hakupiga kelele. Alinisalimu vizuri, kisha akaniambia, "Mwalimu, uwanja wako umehamia jikoni kwangu."

Wapendwa, nataka mwisikie jibu nililotoa, ingawa naona haya kuliandika. Nilimwambia, "Mvua ni ya Mungu, mama." Akanitazama, akageuka, akashuka zake.

Tazameni uovu wa jibu lile. Nilikuwa nimeyafundisha mambo hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, nikijua sababu yake hatua kwa hatua. Lakini siku iliponipasa kulipa, niliutwika mzigo mabegani mwa Mungu. Adamu alisema ni mwanamke; mimi nilisema ni mvua. Mtume Paulo katika Warumi, sura ya pili, anamwuliza mtu afundishaye wengine kama anajifundisha mwenyewe. Swali lile nilikuwa nikilipeleka kwa Mafarisayo. Wiki ile lilirudi kwangu bila stempu, nami sikuwa na wa kumpelekea.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na Ushirika Mtakatifu. Padre alipotualika, kama ilivyo kawaida yetu, tusogee sisi tulio na amani na jirani zetu, miguu yangu ilikataa. Nilibaki nimekaa. Nilikumbuka agizo la Bwana katika Mathayo, sura ya tano, la kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Mchana ule, kabla ya chakula, nilichukua koleo na karai nikateremka.

Nilimwomba radhi yule mama. Akaniambia, "Ingia, udongo wako haujapotea hata punje." Nikaanza kuuchota kutoka kati ya mafiga yake. Nilihesabu makarai kama mwalimu ahesabuvyo wanafunzi: arobaini na moja. Nilipomaliza alinipa uji, tukanywa tukiwa tumekaa juu ya kinu kilicholazwa. Kisha akanipeleka nyuma ya banda lake la mbuzi, akanionyesha ukoka ulioota mwenyewe, umejifuma chini kama mkeka. Hapo mvua haikuchukua kitu. Akasema, "Chukua huu ukaupande, Mwalimu. Huu ndio kamba ya ardhi." Mimi niliyekuwa na vyeti nilipewa mbegu na mama ambaye hakupata kukanyaga chuo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo.

Udongo huenda wapi?

Makarai arobaini na moja yalikuwa ni sehemu tu, ile iliyozuiliwa na ukuta wa jiko. Iliyobaki ilipita. Tujiulize, ilikwenda wapi?

Milima yetu ya Uluguru ni tangi la maji la watu wengi. Mto Mzinga hushuka kutoka upande huu wa magharibi wa milima na kuingia katika Bwawa la Mindu, lililojengwa katika mto Ngerengere miaka ya 1980 ili mji wa Morogoro upate maji. Mito mingine midogo huingia humo pia. Maji yanayopita hapo huendelea na Ngerengere mpaka mto Ruvu, ambao ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo ndoo ya udongo inayotoka uwanjani kwangu leo, kesho ni tope katika bwawa. Tope likilala chini, kina cha bwawa hupungua, na maji ya kiangazi hupungua pamoja nacho. Mtoto wa mjini anayefungua bomba likatoa upepo hajui jina langu, lakini mimi nimo katika kiu yake. Mfano wa Msamaria mwema hutufundisha kwamba jirani ni yeyote tunayemkuta njiani. Maji nayo hutufundisha kwamba jirani ni yeyote anayekaa chini yetu, hata kama hatutaonana naye kamwe.

Sasa natoka katika majani kwenda kwa samaki, nanyi mtaona kwamba safari si ndefu. Katika bwawa letu wamo perege na wamo kambale. Watu wa Galilaya nao wanawajua: katika bahari yao yumo ndugu wa perege wetu, ambaye wageni humwita samaki wa Mtakatifu Petro, na kambale wao ni wa aina ileile ya kambale wetu. Mungu ametupa vyakula vinavyofanana na vile alivyovigusa Mwanawe kwa mikono yake.

Kambale huyu, mvua za kwanza zikinyesha na maji yakapanda juu ya kingo, huacha kina kirefu na kwenda pembezoni, mahali maji yalipofunika majani. Hapo hutaga mayai, nayo hunata kwenye majani mpaka yaanguliwe. Basi tukilima mpaka ukingoni, tukichoma na kuparua majani ya pembezoni, tumevunja kitanda cha uzazi cha kambale. Perege naye ana jambo la ajabu zaidi. Jike lake huyachukua mayai kinywani, na hata watoto wakianguliwa huendelea kuwahifadhi humo. Siku hizo zote huwa karibu hali kitu. Mama anafunga ili watoto waishi! Tunaofunga Kwaresima tungeweza kujifunza kwake.

Mjukuu wa yule jirani yangu alikuja siku moja kutoka bwawani na ndoo. Alikuwa na furaha, akanikaribisha nitazame. Ndani mlikuwa na vidagaa vya perege, kila kimoja kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, mamia kwa mamia. Alikuwa amevua na wenzake kwa chandarua, kile cha kuzuia mbu. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hawa wangekuwa na ukubwa gani baada ya mwaka?" Akanionyesha kwa kiganja, kisha akanyamaza, akaitazama ndoo. Sikumgombeza. Mtu aliyemwagia jirani udongo jikoni hana mdomo wa kumgombeza mtoto kwa ajili ya chandarua. Nilimwahidi ndoano mbili na mshipi, nikampa, na tangu hapo akipata perege mkubwa hupita kwangu kunionyesha.

Nikamfikiria yule mtoto wa Injili. Alikuwa na samaki wawili tu, lakini aliweza kuwa nao kwa sababu kuna waliovua kabla yake wakaacha wengine majini. Muujiza wa Bwana ulianza na kitu kilichokuwapo. Je, tukimaliza vyote, watoto wetu watakuja kwake na nini mikononi?

Adhabu na upendo

Mtauliza: kama mambo haya ni mema, mbona ni magumu kwetu? Nami nitajibu kama mwalimu, kwa maana sehemu ya kosa ni yetu walimu. Mtoto akichelewa, tulimpa fyekeo. Akizungumza Kiswahili kipindi cha Kiingereza, fyekeo. Asipofanya hesabu, eneo lake la majani lilikuwa linamngoja. Mimi mwenyewe nimewagawia wanachuo watu wazima mita za kufyeka kwa sababu ya kuchelewa gwaride. Tulidhani tunafundisha nidhamu. Tulichofundisha ni kwamba kuyatunza majani ni adhabu. Ndiyo sababu kijana akimaliza shule hataki kuligusa fyekeo tena maisha yake yote.

Wazee wetu wa milimani waliyaona makubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha ilikuwa kuuokoa udongo, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na katika sehemu nyingi matuta yalifukua udongo usio na rutuba. Watu walichoka, na mwaka 1955 kukawa na ghasia huko Matombo. Mpango ule ukaanguka. Jambo jema lililoingia kwa fimbo liliondoka na fimbo.

Leo pia tunazo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sheria za uvuvi zinakataza nyavu za matundu madogo. Ni sheria njema, nasi Wakristo yatupasa kuzitii. Lakini sheria hukaa mlangoni. Upendo ndio uingiao ndani. Atakayepanda ukoka kwa kumwogopa ofisa ataupanda mbele ya nyumba tu, mahali ofisa anapopita. Atakayeupanda kwa kumpenda jirani ataupanda nyuma ya nyumba, kule maji yanakotokea.

Mwaka wa Kanisa na mwaka wa majani

Sasa niwape mambo ya kutenda, kwa maana mahubiri yasiyo na jembe ni maneno tu. Nimeona kwamba kalenda ya Kanisa na majira ya Morogoro huenda pamoja vizuri.

Kwanza, Majilio. Huu ni wakati wa vuli, tunapomngoja Bwana. Ng'oa ndago. Lakini angalia: ukivuta majani yake tu, umejidanganya, kwa sababu ndago ina vinundu chini ya ardhi, navyo huchipua tena kabla ya Krismasi. Chimba mpaka ukione kinundu. Ndivyo ilivyo toba. Wengi wetu huvuta majani ya dhambi mbele ya watu na kukiacha kinundu. Ukisha kung'oa, jaza mashimo udongo, tandaza samadi iliyooza vizuri, nyembamba, majani yaonekane juu yake.

Pili, Kwaresima. Nchi bado ni kavu, na mvua za masika zi karibu. Tengeneza vijifereji vya kupandia, navyo vikate mteremko, visishuke nao. Mvua ikishika, chukua vipando vya ukoka vyenye vifundo vitatu, fukia viwili, kimoja kibaki juu, na kati ya kipando na kipando acha nafasi ya shubiri. Usikate tamaa ukiona uwanja unafanana na kichwa chenye upara. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, Pasaka mpaka Pentekoste. Ni masika, kila kitu kinaota, na magugu nayo. Palilia kwa mkono. Fyeka mara kwa mara, lakini usikate mpaka udongoni. Acha kimo cha vidole vitatu au vinne, wala usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Noa fyekeo lako, maana lililo butu hurarua. Majani uliyofyeka usiyachome. Mpe mbuzi, au yarundike yaoze yawe mbolea. Na katika majuma haya, ndugu zangu mnaovua, mwacheni kambale aliye pembezoni mwa majani azae kwanza. Anayemtoa wakati huo hushiba siku moja na kujinyima mwaka mzima.

Nne, majuma marefu baada ya Jumapili ya Utatu, yaani kipupwe na kiangazi. Fyeka kwa nadra, yaache majani yawe marefu kidogo yajifunike kivuli. Maji uliyooshea mboga yamwage hapo. Ukoka utageuka rangi ya mkate, nawe utadhani umekufa. Usiung'oe, wala usiuchome moto! Mzizi u hai. Namfikiria mshiriki mwenzetu ambaye hatujamwona kanisani tangu mwaka jana, nasi tumekwisha kumfuta. Mvua moja tu ya neema, nanyi mtaona.

Kuhusu nyoka, hofu hiyo si ya kudharau. Acha ukanda uliofagiliwa wa hatua mbili au tatu kuizunguka nyumba, na njia ya kwenda chooni iwe wazi. Majani mengine yote yawe mafupi. Mfagio wa mama una kazi yake bado. Na mwenye shamba la mteremko apande safu za majani tembo kukata mteremko. Udongo utazuilika, na ng'ombe watapata chakula.

Majani hukauka, basi kwa nini?

Ndugu mmoja aliniambia, "Mwalimu, Isaya katika sura ya arobaini anasema majani hukauka. Kwa nini tuhangaike na kitu kinachokauka, badala ya roho za watu?" Nilimshukuru kwa swali lake. Ni kweli, nabii anatulinganisha sisi na majani, ili tusijivune. Lakini hakusema majani si kitu. Bwana Yesu katika hotuba ya mlimani anatuonyesha kwamba Mungu huyavika majani ya kondeni mavazi mazuri, ingawa kesho yatatiwa motoni. Ikiwa Mungu haoni haya kuyavika majani ya siku moja, mimi ni nani hata nione haya kuyapalilia? Tena, ikiwa sisi nasi ni majani, basi kila ninapokipa kipando maji, nakumbuka jinsi ninavyotunzwa mimi nisiyestahili.

Na roho za watu? Roho ya mama yule, jirani yangu, ilikuwa karibu kufungwa dhidi yangu, na pengine dhidi ya Kanisa langu, kwa sababu ya udongo. Ilifunguliwa kwa karai na koleo. Siku hizi uwanja wangu ni kijani mpaka kwenye mpaka wetu, na wake ni kijani kutoka mpakani kushuka. Mtu asiyejua hawezi kuona mwisho wa kwangu na mwanzo wa kwake. Masika iliyopita nilisikiliza mvua usiku nikiwa kitandani, na asubuhi niliteremka kumjulia hali. Nilimkuta anapika. Akaniambia, "Leo hujaleta kitu, Mwalimu," tukacheka.

Mwisho wa habari ile ya Injili, wote walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, ili kisiharibike chochote. Yeye aliyeweza kuumba mkate kwa neno moja hakuacha vipande vilale juu ya majani. Kama mwenye utajiri wote huokota mabaki, sisi maskini wa Mzinga tunapata wapi kiburi cha kuuachia udongo uende zake, na kuwamaliza samaki ambao hata hawajakua?

Nawaombeni kila nyumba jambo moja kabla ya masika: pandeni ukoka, hata kama ni nafasi ya mkeka mmoja, hasa upande ule maji yanakotokea kwenda kwa jirani. Na kama kuna jirani wa chini uliyepata kumwambia kwamba mvua ni ya Mungu, teremka kwanza ukazungumze naye. Kupanda kutafuata. Bwana akija kututembelea na wageni wake elfu, nasi tuwe na mahali pa kuwaketisha.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyetandika milima ya Uluguru na kuifunika majani, utusamehe sisi tuliokusingizia wewe kwa makosa ya mikono yetu. Utufundishe sisi tunaofundisha. Uwakumbuke wanaokunywa maji yanayopita kwetu, na watoto watakaovua baada yetu. Utupe moyo wa kutunza kidogo ulichotupa, na amani na jirani zetu wa juu na wa chini, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.